Kuvunja beto ya nyumba: pima kwanza, kisha utoe falanga



Mushahara ukitoka, wengi wetu tunaurudisha mu nyumba. Mumoja anataka kuondoa dale ya zamani iliyopasuka, mwingine anataka kufungua sakafu apitishe mabomba ya choo. Fundi anakuja, anaangalia kwa macho tu, anasema bei. Halafu jirani anasema yeye alilipa nusu. Hapo palabra inaanza. Sisi wa delegasyo ya sendika tunaletewa hizi palabra kila wakati, na mara mingi tunakuta fundi hakuiba: zile kazi mbili hazikukuwa sawa.

Kitu cha kwanza ni unene. Tuchukue chumba cha metre 4 kwa 3. Dale ikiwa na sentimetre 10, ni karibu kilo 2.900 za beto. Ikiwa na sentimetre 15, inapita kilo 4.300. Kwa bruweti ya kilo 80, ni safari 36 ao safari 54. Kwa macho chumba ni kile kile, lakini mugongo wa mutu unajua tofauti.

Cha pili ni chuma. Dale bila chuma, masa inaivunja na vipande vinaachana. Yenye chuma, vipande vinabaki vimeshikana, lazima kukata fimbo moja moja. Kazi ya siku mbili inaweza kuwa ya siku ine. Kwa hiyo toboeni tundu moja pembeni mbele ya kupatana bei. Sisi watu wa mine tunajua: hakuna anayeanza kuchimba bila kuchukua kwanza eshantiyo.

Cha tatu ni njia. Kama kamyo inafika mpaka kwenye mulango, vizuri. Kama lupango iko ndani na njia ni ya mutu mumoja, kila jiwe linabebwa mara mbili: kwa bruweti mpaka barabarani, kisha kupakiwa mu kamyo. Hiyo mara ya pili nayo inalipwa.

Cha ine, wengi wanakisahau: mabaki. Beto ikivunjwa inavimba, lundo linaweza kupita nusu tena ya ile dale. Kamyo inalipwa kwa safari, na mu mvua, kuanzia Novemba mpaka Aprili, barabara zetu zinaongeza bei. Lakini mabaki yana faida. Yanajaza shimo, yanainua lupango yenye kujaa maji. Uliza majirani kama wanahitaji, wengine watakuja kubeba wenyewe. Hapana kuyatupa mu kaniveau, maji yatarudi mu nyumba zenu. Na vyuma vinauzwa kwa watu wa mitraye. Patana mapema ni nani atakayevichukua.

Cha tano ni kile kilicho chini. Bomba ya REGIDESO, kable ya SNEL, fosi ya choo: ukipiga kimoja, bei yote inaharibika, na kable inaua. Kama ukuta umesimama juu ya ile beto, hapana kugusa kabla mutu anayejua ujenzi hajafika.

Kuna wenye kusema: kazini kuko marto-pikeri, nitaichukua Siku ya Posho, nitairudisha Kazi Moja. Ndugu, chombo cha kompani kikionekana mu lupango bila karatasi kinaitwa wizi. Tulishatetea mwenzetu mumoja kwa jambo kama hilo, na tulishindwa. Miaka yake ya kazi iliishia kwenye dale ya choo. Baruti ndiyo usiiwaze hata kidogo: ni gereza, ao ni kilio.

Tena, vumbi ya beto iko na silika, ile ile inayokula mapafu yetu mu mine. Mwangia maji kila wakati, vaa maski, watoto wakae mbali. Fundi akidai falanga ya maski na miwani, mupe. Jicho halina bei.

Mbele ya kulipa, andikeni karatasi: ukubwa na unene wa beto, nani analeta vyombo, nani anaondoa mabaki na mpaka wapi, na nini kitatokea tukikuta chuma. Kama unalipa kwa siku, andika idadi ya siku. Kama ni bei moja ya kazi yote, toa sehemu kwa kuanza, sehemu katikati, na ya mwisho kiwanja kikiwa safi.

Tunasema hivi kwa sababu tunaona kinachotokea. Mutu anakopa banki lamberi kwa bei ya kwanza, falanga inaisha katikati, fundi anaondoka. Familia inalala kando ya shimo, na deni inazaa kila mwezi. Ile karatasi na tundu moja ya kupima havifiki hata bei ya safari moja ya kamyo. Na kama hauna uhakika, leta karatasi yako kwa delegasyo mbele ya kutia sahihi. Tutaisoma pamoja.