Miwani inayompeleka mzee safari akiwa kitini

Mzee ambaye miguu haimbebi tena hushinda nyumbani, akiona watu walewale na ukuta uleule. Upweke huo humchosha kama ugonjwa. Nchini Marekani, baadhi ya nyumba za kutunzia wazee zinajaribu kuupunguza kwa teknolojia iitwayo uhalisia pepe. Hapa tunaeleza ni kitu gani, na kina funzo gani kwetu.

Inafanyaje kazi?
Mzee huvaa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili. Ndani yake mna kioo kama cha simu, na kila jicho huonyeshwa picha yake, zikitofautiana kidogo. Ubongo huziunganisha, mtu akajiona yupo mahali penyewe. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Basi anaweza kufika ufukweni, au katika mji aliokulia, bila kuinuka kitini.

Je, inasaidia?
Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia wazee 245, wenye umri wa miaka 65 hadi 103, katika makazi 17 ya wazee. Karibu asilimia 80 walisema walijisikia vizuri zaidi baada ya kuitumia, na karibu asilimia 60 walisema upweke ulipungua. Wale ambao macho na masikio yao yamefifia hawakuifurahia kama wengine.

Kuna jambo jingine. Zaidi ya asilimia 80 ya wazee, na karibu asilimia 95 ya wahudumu wao, walisema kuzungumza kuhusu walichokiona kuliwafanya waelewane zaidi. Yaani miwani ilifungua mlango tu. Kilichowaleta karibu ni mazungumzo.

Tahadhari
Miwani hii huweza kuleta kizunguzungu. Mzee akae kwenye kiti imara, aivae kwa muda mfupi, na mtu awe karibu naye. Mwenye kifafa amuulize daktari kwanza.

Na sisi je?
Wengi wetu hatuna miwani hiyo, ila simu tunazo. Ndugu msikilizaji, ukipita shamba la zamani la babu, au soko ambalo bibi alikuwa akiuza, rekodi video fupi. Ukirudi nyumbani, keti naye, mwonyeshe, kisha muulize: "Bibi, hapa zamani palikuwaje?"

Halafu weka simu kando, umsikilize mpaka amalize.