"Kata" na "kataa" katika mwaka wa kwanza

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa kwanza wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Jioni moja alinisomea sentensi iliyoandikwa katika daftari lake: "Juma anakataa nyama." Yeye akasoma: "Juma anakata nyama." Nilipomuuliza maana, akapitisha kiganja hewani kama kisu. Alikuwa ameelewa alichosoma, ila hakusoma kilichoandikwa.

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ni fupi: herufi moja, pigo moja la silabi. Zikiandikwa mbili, "aa", ni silabi mbili. Kwa kuwa mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, unahama pia: KA-ta, lakini ka-TA-a. Ndivyo ilivyo kwa kuja na kujaa, kufa na kufaa.

Kosa huanzia ubaoni. Darasa limejaa, mwalimu anataka hata wa nyuma wasikie, basi anavuta: "taaaa!" Watoto wanavuta pamoja naye. Baada ya miezi michache, "a" kwao ni ndefu kadiri pumzi inavyoruhusu, na "aa" inapofika haina jipya la kuwaambia. Afadhali sauti ikatwe fupi, kofi moja kwa silabi moja: ka-ta, makofi mawili, ka-ta-a, matatu. (Na "u" isomwe "u", si ile ya Kifaransa katika "lune". Hilo nalo hutokea.)

Lakini kwa watoto wetu kuna jambo lingine. Nyumbani hatusemi "kukataa", tunasema kukatala. Nguo tunavala, mama anazala. Kiswahili sanifu kimeipoteza ile "l" kati ya irabu mbili, ingawa bado inajitokeza katika kukataliwa, kuvaliwa, kuzaliwa. Maana yake, mtoto wa Lubumbashi anayajua makofi matatu kabla hajafika shuleni. Ka-ta-la, ka-ta-a: hesabu ni ileile, konsonanti tu imeondoka. Nimesikia walimu wakimkemea mtoto kwa "kukatala", eti ni Kiswahili cha barabarani. Wanamnyang'anya chombo ambacho kingemsaidia kusoma neno la kitabuni.

Njia hii haifiki kila mahali. Maneno kama "saa" hayana "l" ya nyumbani. Hayo yatapigiwa makofi hadi yazoeleke. Na mtoto wa nyumba inayosema Kiluba au Tshiluba, lugha ambazo urefu wa irabu hutenganisha maneno, husikia tofauti upesi, lakini kwake irabu ndefu ni silabi moja. Akipiga makofi mawili kwa "kataa", sikio lake si bovu. Anahesabu kwa desturi ya lugha yake, na mwalimu anayelijua hilo atamwongoza bila hasira.

Nilimwambia mpwa wangu aseme sentensi ile kama tunavyosema nyumbani. A-na-ka-ta-la, makofi matano. Sasa ondoa "l", makofi yabaki matano. Akajaribu mara mbili, akakwama, mara ya tatu ikatoka: "Juma anakataa nyama." Akanitazama.

"Sasa mjomba, ile nyama nani atakula?"