Gari Likigongwa, Nani Hulipa Nini?

Wako wenye magari wengi wanaoamini kwamba aliyekata bima kubwa hatatoa hata senti moja gari lake likigongwa. Imani hiyo huvunjika siku ya kulipwa fidia, na pengine huvuruga fedha za karo na za chakula nyumbani.

Ukweli ni kwamba katika mikataba mingi ya bima kubwa kimo kifungu kinachotaja sehemu ya hasara ambayo mwenye gari huibeba mwenyewe. Mawakala huiita eksesi. Aghalabu huwa ni asilimia fulani ya madai, pamoja na kiwango cha chini kisichopunguzwa. Shabaha yake ni kuzuia madai madogo madogo na kumfanya dereva awe mwangalifu.

Chukua mfano huu. Mkataba wako unasema asilimia 10 ya madai, lakini si chini ya Sh. 250,000. Gari linagongwa, na gereji inakadiria Sh. 1,800,000 kwa bampa, taa, kunyoosha bodi na rangi. Kampuni humtuma mthamini. Naye hulikagua gari, hulinganisha bei za vipuri na ujira wa mafundi, akaona Sh. 1,500,000 zatosha. Hesabu hiyo ndiyo itakayofuatwa. Asilimia 10 yake ni Sh. 150,000, pungufu ya kiwango cha chini. Kwa hiyo wewe utalipa Sh. 250,000 na kampuni Sh. 1,250,000. Fundi akishikilia bei yake ya kwanza, tofauti ya Sh. 300,000 nayo itakuangukia wewe. Na mkwaruzo wa Sh. 200,000 hautakuletea fidia yoyote.

Kwa sababu hiyo, usimruhusu fundi kufungua hata boliti moja kabla mthamini hajaliona gari. Toa taarifa polisi na kwa kampuni mapema, piga picha, kisha omba makadirio ya gereji mbili au tatu yanayotaja kila kipuri na bei yake. Uharibifu uliojificha ukionekana kazi imekwisha anza, isimamishwe, mthamini aitwe tena.

Usiporidhika, iandikie kampuni. Ikishindikana, peleka shauri kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya bima iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Zaidi ya yote, soma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kila karatasi uitunze. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.