Ifriti wa jaladani na watunzi waliouzaa mchezo

Mpwa wangu ni baharia. Kila arudipo Mombasa huniletea kitabu, kwani ajua kwamba mjomba wake hana haja ya saa wala shati. Safari iliyopita alinikabidhi kitabu kipana, kikuukuu, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1979. Jaladani pana jitu jekundu lenye pembe. Limemkamata mwanamke mkononi, na wapiganaji wanalikabili chini yake.

"Mjomba, huyu ni nani?" akaniuliza kwa kunijaribu.

"Huyu ni ifriti," nikamjibu papo hapo.

Mtu aliyekaa chuoni akazihitimu juzuu zake hawezi kumkosa ifriti. Yumo katika Surat An-Naml. Ndiye aliyejitolea kumletea Nabii Suleiman kiti cha enzi cha Malkia wa Sabaa kabla Nabii hajainuka mahali pake. Tena yumo tele katika Alfu Lela Ulela. Lakini afanya nini juu ya kitabu cha Mmarekani? Swali hilo lilinikesha siku tatu, na ndilo nitakalo tulizungumze leo, wasomaji wapenzi.

Kitabu chenyewe chaitwa Dungeon Masters Guide. Mtungaji wake ni Gary Gygax wa mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Yeye na mwenzake Dave Arneson ndio waliouanzisha mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu zilizopangwa sandukuni kwa mikono. Wote wawili wameshafariki, Gygax mwaka 2008 na Arneson mwaka 2009.

Asiyeujua mchezo huo na aufikirie hivi. Bibi ameketi, kasema paukwa, wajukuu wamejibu pakawa. Hadithi inakwenda. Kijana wa hadithi afikapo kwenye pango la joka, bibi hunyamaza, akamgeukia mjukuu mmoja: "Haya, wewe ndiye huyo kijana. Utafanyaje?" Mjukuu hujibu apendavyo, dadu ya nyuso ishirini ikarushwa ili ijulikane upanga umepata au umekosa, na hadithi ikafuata njia ambayo hata bibi hakuitazamia. Watu hukaa mezani namna hiyo usiku kucha, na hadithi moja yaweza kuendelea miaka. Ama kuhusu dadu, pesa ya kuwekeana hakuna. Yaliyobaki nawaachia masheikh. Mimi ni mtu wa mashairi.

Kilichonivutia kiko nyuma ya kitabu. Huko pana nyongeza iliyotiwa alama ya herufi N, na ndani yake Gygax amewaandika watunzi karibu thelathini ambao hadithi zao zilimtia mchezo huu kichwani. Aanza na baba yake mwenyewe, aliyemsimulia utotoni habari za wazee wenye majoho, pete za ajabu na panga zenye nguvu. Kisha yaja majina, mmoja baada ya mmoja. Wallahi, niliposoma ukurasa huo nilimpenda mtu huyu. Sisi tuliosomeshwa na masheikh twajua thamani ya isnadi: fulani kasikia kwa fulani, naye kasikia kwa fulani. Nami mwenyewe nimewahi kuketi arusini nikasikia shairi langu likisomwa, na msomaji akapigiwa makofi kwa kulitunga.

Katika orodha ile, aliyenishika zaidi ni Jack Vance wa California, aliyefariki mwaka 2013. Naye alikuwa baharia, katika meli za mizigo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1950 alitoa kitabu kiitwacho The Dying Earth, kinachosimulia zama za mwisho ambapo jua limekuwa jekundu na lakaribia kuzimika. Katika dunia hiyo wachawi hawarogi kwa kupenda. Ni lazima mchawi akae na kitabu chake, alihifadhi neno kwa taabu, alifungie akilini. Mchawi hodari aweza kubeba maneno manne tu yakiwa mazito, au sita yakiwa mepesi. Akishalitamka, neno humtoka, akawa kama hakulisoma abadan, mpaka arudi tena kitabuni.

Gygax aliichukua kanuni hiyo kama ilivyo. Mchezaji aliye mchawi mchanga alikuwa akianza na neno moja. Akilitumia asubuhi kwa kumtisha panya, jioni joka likija hakuwa na kitu. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo. Sisi chuoni tulichapwa henzirani ili tusisahau, na hawa wa Vance husahau kwa sharti! Lakini nilipotulia niliona kwamba Vance alijua jambo ambalo kila aliyehifadhi alijua: kumbukumbu ni chombo chenye ujazo wake, na kukijaza kwataka jasho. Wanamchezo nao walimlipa. Mchawi mkuu aliyekufa na bado anatembea katika mchezo wao waitwa Vecna. Zipange upya herufi hizo, utapata Vance. Washairi wa pwani waliofumba majina yao ndani ya beti wangeufurahia ujanja huo.

Wengine nitawapitia haraka. Poul Anderson alitoa jitu ambalo ukilikata jeraha hujifunga lenyewe. Fritz Leiber alitoa mji wa Lankhmar, wenye wezi waliojiundia chama kama mafundi wengine. Tolkien, Mwingereza, wamjua wengi kwa sababu ya filamu. Vibete wake waitwao hobbit walikuwamo mchezoni kwa jina lao hasa, mpaka mwaka 1977 wenye haki walipotishia sheria. Kuanzia hapo wakaitwa halfling, yaani nusu-mtu. Jina lilifutwa, kiumbe akabaki na miguu yake yenye manyoya.

Yumo pia Robert E. Howard wa Texas, aliyefariki mwaka 1936 akiwa na miaka 30 tu, baba wa shujaa Conan. Huyu aliandika kama mtu anayekimbizwa, na kasi hiyo humburura msomaji. Lakini mtu mweusi katika hadithi zake aghalabu ni mshenzi au mtumwa, na msomaji wetu akikifunga kitabu huwa na uchungu mdomoni.

Uchungu huo ulimzaa mtunzi mwingine ambaye hamo katika orodha ya mwaka 1979, wala hangeweza kuwamo, kwa kuwa kitabu chake kilikuwa hakijatoka. Jina lake Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946, akahamia Kanada mwaka 1969. Alizipenda hadithi za Howard na akayachukia yaliyomo juu ya watu wake. Basi akaandika zake. Shujaa wake ni Imaro, mpiganaji mweusi wa kabila la wafugaji walioigizwa Wamasai, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1981. Wachapishaji walimwita jaladani Tarzan mweusi. Wenye haki za Tarzan wakapinga, na kitabu kikachelewa kufika madukani. Mwaka 1987 Saunders aliwaandikia wanamchezo katika jarida lao la Dragon juu ya viumbe wa kutisha wa hadithi za Kiafrika.

Bara lote anamotembea Imaro, lenye falme na misitu yake, Saunders alilipa jina moja: Nyumbani. Neno letu hili hili, tunalolitamka kila jioni tukifunga duka. Mtu aliye Kanada, katika baridi ya huko, alitafuta jina la Afrika aliyoitamani, na Kiswahili ndicho kilichompa.

Huko alikuwa mwandishi wa gazeti, kazi kama hii yangu, hadi gazeti lile lilipofungwa mwaka 2008. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 2020, akazikwa bila jiwe wala jina. Wasomaji wake walipopata habari walichanga, na kaburi likapata jiwe. Nakiri kwamba alipofariki nilikuwa sijasikia hata jina lake.

Sasa nirudi kwa ifriti wangu. Niliipitia orodha ya herufi N mara tatu kwa kidole nikiitafuta Alfu Lela Ulela. Haimo. Gygax amtaja Andrew Lang na hadithi zake za watoto, na ni kweli kwamba Lang mwaka 1898 alitoa hadithi za Alfu Lela kwa Kiingereza. Lakini kitabu chenyewe hakikutajwa, na ifriti amekaa jaladani. Ugeuze upande wa nyuma, utauona mji wake, Mji wa Shaba.

Katika mchezo, Mji wa Shaba ni makao ya maifriti katika ulimwengu wa moto, umejaa mali na watumwa. Katika Alfu Lela ni mji wa wafu. Musa bin Nusair atumwa na Khalifa Abdulmalik bin Marwan kutafuta chupa ambamo Nabii Suleiman aliwafungia majini. Njiani aufikia mji wenye kuta ndefu, kimya, masoko yamejaa bidhaa, na wachuuzi wamekauka mahali walipoketi. Kila mlango una maandishi: walikuwapo wafalme, wako wapi? Mtu aliyesoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akayaona majumba ya Pate yaliyobaki na popo, hahitaji kuelezwa hadithi hiyo yasema nini. Wamarekani waliuchukua mji, wakayaacha maandishi ya milangoni.

Haki nayo isemwe. Mwaka 1992 kampuni ya mchezo huo ilitoa Al-Qadim, kazi ya Jeff Grubb, iliyozijengea hadithi za Kiarabu ulimwengu wake. Na ilipotolewa orodha mpya ya watunzi mwaka 2014, jina la kwanza lilikuwa Saladin Ahmed, Mmarekani wa asili ya Kiarabu, ambaye shujaa wake ni mzee mnene mpenda chai anayewinda mazimwi kwa maneno ya kitabu kitakatifu.

Kabla ya kurudi melini mpwa wangu aliwakusanya vijana wanne ukumbini kwangu, akanisihi niwe msimulizi. Niliwapeleka Mji wa Shaba, ule wa asili. Walisoma maandishi ya milango, wakapita sokoni, wakafika alipolala malkia aliyekufa, vito vimemfunika, watumwa wawili wa shaba wamesimama na silaha. Katika hadithi, Talib bin Sahl anyosha mkono avichukue vile vito, na watumwa wale humuua.

"Mjomba," akasema mdogo wao, dadu imo kiganjani, "na nikichukua kimoja tu?"

Nikamwambia arushe.