Negativu za Kabatini: Ziskani kwa Gharama Nafuu

Ukienda nyumbani likizo, ulizia zile bahasha za studio zilizohifadhiwa pamoja na albamu. Ndani yake mna negativu, na negativu hubeba mengi kuliko picha iliyosafishwa. Rangi zake hufifia kadiri miaka inavyopita, na wazee wanaozijua sura zile nao hawatusubiri.

Si lazima ununue mashine ya bei kubwa. Tafuta skana ya mezani iliyokwishatumika, yenye taa kwenye mfuniko. Bila taa hiyo negativu haisomeki vizuri. Ukiiweka kwenye dpi 2400, negativu ya milimita 35 itakupa picha ya takriban pikseli 3,400 kwa 2,270, inayotosha kuchapishwa kwa ukubwa wa A4.

Huna skana? Tumia kamera yenye lenzi ya kupigia vitu vya karibu. Washa tableti, skrini iwe nyeupe tupu, kisha inua negativu sentimita chache juu yake ili vidoa vya skrini visionekane. Zima taa za chumbani, na tumia kipima muda ili kamera isitikisike. Rangi utazigeuza kwa programu ya kuhariri picha.

Vaa glavu zisizo na unga, kama tuvaavyo wodini, na ushike kingo tu. Vumbi lipulize kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo; mate huacha madoa. Hifadhi nakala mbili, mahali tofauti.

Kisha mtumie bibi kwa WhatsApp, umuulize: huyu ni nani? Jibu lake liandike kwenye jina la faili, pamoja na mwaka, akiukumbuka.