Pa Kuanzia katika Mfululizo wa Hellboy: Mwongozo kwa Msomaji Mgeni

Wahenga walilonga kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Hata hivyo, msomaji anayeukaribia mfululizo mrefu wa hadithi za katuni aghalabu hulikosa lele lenyewe, kwa kuwa vitabu ni vingi na hajui kipi kitangulie. Aliyezoea Juha Kalulu katika gazeti la Taifa Leo hupata kichekesho kilichokamilika papo hapo. Mfululizo wa mapambano dhidi ya mazimwi na mizimu hauko hivyo. Kila kisa huacha deni linalolipwa na kisa cha baadaye. Makala haya yanafafanua namna ya kuuanza mfululizo mmoja wa aina hiyo, yaani Hellboy, ulioasisiwa na Mmarekani Mike Mignola.

Kitabu cha kwanza, Seed of Destruction, kilichapishwa na kampuni ya Dark Horse mwaka 1994, maneno yake yakiwa yameandikwa na John Byrne. Mhusika mkuu ni mtoto wa kishetani anayeletwa duniani Desemba 1944 kwa uganga wa Rasputin, aliyekuwa akiwatumikia Wanazi. Mtoto huyo analelewa na Profesa Trevor Bruttenholm, kisha anakuwa mpelelezi anayepambana na viumbe wa jamii yake mwenyewe. Mkono wake wa kulia ni wa jiwe, na imetabiriwa kuwa utaiangamiza dunia. Msomaji wa Kiswahili atatambua mara moja mgogoro uliopo: je, mtoto wa nyoka ni nyoka, au mtoto umleavyo ndivyo akuavyo? Mfululizo mzima umejengwa juu ya mvutano huo.

Njia ya kwanza ya kuanza ni kufuata mpangilio wa uchapishaji. Baada ya Seed of Destruction hufuata Wake the Devil (1996), na safari hukamilika kwa Hellboy in Hell (2012-2016). Anayeanzia kitabu hicho cha mwisho ataona picha za kupendeza, ila uzito wa mambo utampita. Aidha, filamu ya Guillermo del Toro ya mwaka 2004 haiwezi kuchukua nafasi ya vitabu. Filamu hiyo inamfanya Hellboy ampende Liz Sherman kimahaba, ilhali katika vitabu uhusiano wao ni wa kirafiki.

Njia ya pili, iliyo nyepesi zaidi, ni kuanzia hadithi fupi. Katika The Corpse (1995), Hellboy anabebeshwa maiti nchini Ayalandi na kutakiwa aizike kabla ya mapambazuko ili mtoto aliyeibwa arejeshwe. Kisa hicho kinajitosheleza, na kimechotwa katika ngano za Waayalandi.

Fauka ya hayo, mwanafunzi wa fasihi simulizi asiache kusoma Makoma (2006), iliyochorwa kwa kiasi kikubwa na Richard Corben. Chimbuko lake ni ngano ya shujaa wa Wasena wa bonde la Zambezi, iliyochapishwa kwa Kiingereza na Andrew Lang mwaka 1906. Miongoni mwa majitu ya ngano hiyo wamo Chi-gwisa-miti na Chi-idea-moto. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili aione miti na moto katika majina hayo; udugu wa lugha za Kibantu unajidhihirisha wenyewe. Linalosikitisha ni kuwa mkusanyo wa Lang ulitaja simulizi ya mdomo tu, bila jina la mtambaji. Ngano ilivuka bahari, mwenye kuitamba akasahaulika.

Kwa hivyo, mgeni na aanze na The Corpse, aendelee na Makoma, kisha arudi kwenye Seed of Destruction akiwa tayari anamfahamu mhusika. Atakapomaliza, huenda akajiuliza swali zito zaidi: ngano za kwao zinarekodiwa na nani, na majina ya watambaji wake yanahifadhiwa wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.