Nukta ya mwanga yafichua umbo la nyota iliyolipuka

Aprili 10, 2024, nyota moja kubwa katika galaksi ya NGC 3621 ilionekana ikilipuka. Galaksi hiyo iko umbali wa miaka-nuru milioni 22, kwa hiyo hata darubini za mlima Paranal, Chile, zenye vioo vya upana wa mita 8.2, huuona mlipuko kama nukta tu. Hata hivyo, saa 26 baadaye, Yi Yang wa Chuo Kikuu cha Tsinghua na wenzake walikuwa tayari wanaupima umbo.

Siri iko katika mtikisiko wa mwanga. Mawimbi ya mwanga wa jua hutikisika kila upande, lakini yakigonga maji ya bahari na kurudi, mengi hubaki yakitikisika upande mmoja; hiyo ndiyo polarizesheni, na kuna miwani ya jua inayozuia mng'ao huo. Ndani ya supanova, yaani nyota inayolipuka, elektroni zilizotapakaa kwenye gesi ya moto ndizo zinazoupa mwanga mwelekeo. Kila sehemu ya ukingo hutoa mwelekeo wake. Mlipuko ukiwa wa duara, mielekeo hiyo hufutana yote. Ukiwa umerefuka, upande mmoja huzidi, nasi hupata salio.

Salio lenyewe mara nyingi halifiki hata asilimia 1, tena vumbi lililo njiani huongeza polarizesheni yake, ambayo lazima iondolewe kwenye hesabu. Kazi ya subira hii!

Supanova hiyo, SN 2024ggi, ilikutwa imerefuka kama zeituni. Ilipoanza kugonga gesi iliyoizunguka, umbo lilibonyea, ila mhimili wake haukuhama. Miaka ishirini kabla yake, supanova nyingine, SN 2004dj, ilikuwa imetoa dokezo: polarizesheni yake iliruka baada ya miezi kama mitatu, tabaka la nje la hidrojeni lilipokonda na kiini kuonekana. Inaelekea, basi, kwamba upogo huanzia ndani kabisa, pale kiini kinapoporomoka kwa uzito wake.

Matokeo ya SN 2024ggi yalichapishwa Novemba 2025 katika jarida la Science Advances. Nadharia zinazochukulia kwamba nyota kama hizi hulipuka sawasawa pande zote sasa zina kazi kubwa ya kujitetea.